Ekere ya Uongo Yenye Kusema Kweli

UKURASA WA KAZI YA MIKONO



Ninyi mnaoosha mchanga kule Mongbwalu na Kilo mnajua jambo moja bila kufundishwa na mwalimu. Ubao wa kuoshea ukisimama sana, maji yanakimbia na dhahabu pamoja. Ukilala sana, mchanga unajaa na kazi inakwama. Basi mnainua kidogo, mnashusha kidogo, mpaka maji yatembee vizuri. Wandugu, ile ndiyo kupima pembe. Pembe ni nafasi iliyo kati ya mistari miwili inayokutana. Mchimbaji akiikosea, dhahabu inakwenda na maji. Fundi wa mbao akiikosea, mlango unabaki na tundu.

Mwezi huu tuzungumze juu ya ile kona ambamo mbao mbili zinakutana, kila moja imekatwa kwa mshazari, mpaka mtu anaona mstari mmoja mwembamba tu. Tunaiona kwenye fremu ya picha, kwenye dirisha, kwenye meza nzuri ya kanisa, na kwenye ule ubao wa kupamba unaozunguka mlango, ambao wengi huku kwetu Bunia wanauita shambranli. Ni kazi ndogo kwa macho. Lakini ndiyo inayoonyesha kama fundi ni fundi.

TUNDU HILI NI LA NANI?

Nianze na kosa langu mwenyewe, ili msiseme ninafundisha wengine tu.

Katika atelye yetu hapa kartiye Lumumba alikuja kijana mmoja kujifunza kazi. Alikuwa ametoka kariyeri. Shimo lilimwangukia mwenzake, naye akasema, “Papa, minataka kazi ya juu ya udongo, si ya chini ya udongo.” Nikampokea. Alikuwa na mikono mizuri na macho mazuri, na hakuwa mvivu.

Siku moja akaja mama mmoja, mjane, aliyekimbia vita ya Djugu na kufika Bunia na watoto wake. Alikuwa amejenga nyumba ndogo ya matofali ya udongo. Kwa muda mrefu alifunga mlango kwa bashi na kamba. Aliuza unga sokoni, akaweka franga kidogo kidogo, mpaka akapata pesa ya mlango mmoja wa libuyu, pamoja na shambranli yake. Alisema, “Tangu nikimbie, huu njo mlango wa kwanza wa kwangu.”

Nikampa kijana kazi ya shambranli. Akapima kwa ekere yangu, akakata, akapigilia. Nilipofika kuangalia, kona zote mbili za juu zilikuwa wazi. Tundu lilikuwa la milimita 5 hivi upande wa ndani. Kijana alikuwa amekwisha kuchanganya kole na vumbi la mbao ili azibe. Yule mama akaweka ncha ya kidole chake palepale. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, “Papa, mlango iko muzuri. Lakini hii tundu ni ya nani?”

Nikaona haya, na haya yangu nikayatupa juu ya kijana. Nikamwambia mbele ya watu kwamba hajui kukata. Kijana akajibu, “Papa, nilifuata ekere vile ilisema.” Sikumsikia. Nikatoa ubao mwingine, nikamkata nusu ya malipo ya juma ile, na mara ya pili kona ikatoka vilevile, wazi. Nikamkemea tena.

Basi mara ya tatu nikashika msumeno mimi mwenyewe, ili nimwonyeshe. Nikachora kwa ekere yangu, nikakata kwa utulivu, nikaunganisha. Tundu lilikuwa lilelile, milimita 5, upande wa ndani.

Ndipo nikakumbuka kwamba ile ekere ilianguka kutoka ukutani juu ya simenti, wiki nyingi kabla. Nilikuwa nimeiokota na kuirudisha kwenye msumari wake bila kuipima. Mpini ulikuwa umelegea. Kijana alikuwa na haki. Mwenye kukosa ni ekere, na mwenye ekere ni mimi.

MIZANI YA FUNDI

Nyinyi wa kariyeri mnajua uchungu wa mizani. Pahali pengi dhahabu inapimwa kwa vijiti vya kiberiti na kwa vipande vya pesa za zamani. Kama kijiti cha mnunuzi ni kizito kuliko kijiti cha haki, mchimbaji anapoteza kila siku, na hawezi kusema kitu, kwa sababu mizani haiko mkononi mwake. Tunasema huyo mnunuzi ni mwizi. Lakini mimi, mzee wa kanisa, nilimkata kijana pesa yake kwa kipimo cha uongo, nikifikiri niko mwenye haki. Tofauti ni gani?

Somo la Walawi 19:35-36 wengi tunalijua kwa ajili ya mizani ya sokoni. Lakini soma tena vizuri: pale Mungu hasemi juu ya uzito peke yake, anasema vilevile juu ya kupima urefu. Basi neno hilo linaingia katika atelye pia. Metri, ekere, kamba na penseli, vyote viko mbele za Mungu kama vile mizani ya dhahabu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Chukua penseli.

KOSA DOGO LINAKUWA KUBWA GANI?

Watu wanasema, “Digrii moja ni nini?” Tufanye hesabu. Shambranli yenye upana wa sentimita 10, ukiikata mshazari wa digrii 45, urefu wa ule mkato ni sentimita 14 na kidogo. Kosa la digrii moja kwenye urefu ule ni karibu milimita 2 na nusu. Lakini kona ina mbao mbili, na zote mbili zimepimwa na ekere moja, basi kosa linakuja mara mbili: milimita 5. Ndilo tundu la yule mama.

Sasa angalia fremu ya picha yenye kona nne. Kona nne ni mikato minane. Kama kila mkato umekosa digrii moja kwa upande mmoja, makosa yanajumlika kuwa digrii 8. Ukilazimisha kona tatu zifunge, kona ya nne inabeba deni lote. Kwa ubao wa upana uleule, tundu la kona ya nne linafika sentimita 2. Kwa hiyo fundi anayesema “kona tatu zilikuwa nzuri, ya nne ndiyo mbaya” anajidanganya. Zote nne zilikuwa mbaya, ila moja ndiyo imelipa kwa niaba ya wenzake.

Na tundu si aibu ya macho tu. Ubao unakunywa maji kwa kichwa chake kuliko kwa mgongo wake. Kona iliyo wazi inaonyesha vichwa vya mbao. Mvua inaingia, ubao unaoza kuanzia pale. Vumbi la mbao na kole vitaficha kosa mpaka siku ya kulipwa. Baadaye ubao unatembea, kile kiraka kinapasuka, na tundu linarudi.

KWANZA: IPIME EKERE KABLA HAIJAKUPIMIA

Chukua ubao wenye ukingo ulionyooka kabisa. Weka mpini wa ekere kwenye ukingo, chora mstari kwa penseli iliyochongwa vizuri. Geuza ekere upande wa pili, kama unavyogeuza ukurasa wa kitabu, uilete kwenye nukta ileile ya ukingo, uchore tena. Mistari miwili ikilala juu ya mmoja, ekere yako ni nzuri. Ikiachana, ekere inasema uongo, na nafasi unayoiona ni kosa mara mbili. Kwa ekere ya sentimita 30, kosa la digrii moja litaonyesha nafasi ya sentimita moja hivi kwenye ncha. Mtoto anaweza kuiona.

Kwa upande wa digrii 45, fanya hivi: chora mshazari mmoja ukielekea kushoto na mwingine ukielekea kulia, yote miwili kutoka ukingo uleule, mpaka ikutane. Pale inapokutana lazima iwe pembe kamili ya 90. Kama huna kitu cha kuaminika cha kupimia 90, tumia hesabu ya wajenzi: kwenye mstari mmoja pima sentimita 60 kutoka kona, kwenye mstari wa pili pima sentimita 80, halafu pima kati ya alama hizo mbili. Lazima upate sentimita 100. Ukipata 101, kona imefunguka. Ukipata 99, imefunga. Kama ubao wako ni mdogo, gawa vyote mara mbili: 30, 40 na 50.

Fanya jaribio hili kila mwanzo wa mwezi, na kila mara ekere inapoanguka. Kila mara, wandugu, hata kama hakuna mtu aliyeona.

PILI: USIULIZE EKERE, ULIZA NYUMBA

Hata ekere ikiwa nzuri, kuna kosa la pili. Ekere inajua 90 na 45 tu. Lakini nyumba zetu je? Hapa Bunia watu wengi wamejenga kwa haraka, kwa sababu vita iliwafukuza kwao. Matofali ya udongo, mistari ya kamba, mvua inakuja. Kona ya mlango inaweza kuwa 88, inaweza kuwa 93. Ukileta ubao wa 45 kwenye kona ya 93, haitafunga hata ukikata kama malaika.

Kwa hiyo kuna chombo kingine. Ni mikono miwili, mmoja wa mbao ao chuma, mwingine mwembamba wa chuma, imeungana kwa bulo moja. Unalegeza, unaweka katika kona, unakaza, unaondoka na ile pembe mkononi. Wafaransa wanakiita jina ambalo maana yake ni “ekere ya uongo”, na mafundi wetu wanasema fosekere. Wanaiita ya uongo kwa sababu haikai kwenye 90. Lakini nawaambia, katika atelye yangu ekere iliyoitwa ya kweli ndiyo iliyodanganya, na ile inayoitwa ya uongo ndiyo iliyosema kweli. Haina namba yake ya kuringa. Inachukua nyumba jinsi ilivyo.

Kama huna ya kununua, tengeneza: vipande viwili vya mbao ngumu vyenye kingo zilizonyooka, bulo moja yenye nati, basi. Ikaze vizuri isiteleze njiani. Mimi naweka alama ya penseli juu ya mikono yote miwili kabla ya kuondoka, ili nijue kama imesogea.

TATU: GAWA PEMBE MARA MBILI

Ukifika na pembe yako, ichore juu ya kipande cha tripleksi. Sasa unatakiwa kuigawa katikati, kwa sababu kila ubao unabeba nusu. Kuna njia mbili.

Njia isiyo na namba: kutoka kona, pima sentimita 20 juu ya kila mstari, weka alama mbili. Chukua bikari, ao kamba yenye msumari na penseli. Simama kwenye alama ya kwanza, chora upinde. Simama kwenye alama ya pili, chora upinde wa ukubwa uleule. Pale pinde zinapokutana, vuta mstari mpaka kona. Huo ndio mkato wako. Bikari ni chombo cha zamani sana katika kazi yetu. Nabii Isaya, katika sura ya 44, mstari wa 13, anamtaja fundi wa mbao pamoja na kamba yake na bikari yake, ijapokuwa yule alikuwa anachonga sanamu.

Njia yenye namba inahitaji chombo cha kusoma digrii. Vile vidogo vya plastiki vya wanafunzi ni vifupi mno kwa kazi ya mlango. Tengeneza kikubwa chako. Sikiliza vizuri, hii ni zawadi ya mwezi huu.

Duara zima lina digrii 360. Duara ambalo toka katikati mpaka ukingo ni sentimita 57 na milimita 3, mzunguko wake ni sentimita 360. Unaona? Katika duara la ukubwa huo, kila sentimita moja ya ukingo ni digrii moja!

Basi chukua tripleksi ya sentimita 60 kwa 60. Piga ukingo mmoja unyooke kabisa. Weka nukta kwenye kona yake. Chukua ufito wenye misumari miwili iliyoachana sentimita 57 na milimita 3. Usitumie kamba hapa, sababu kamba inavutika. Chora upinde kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine, kata kwa msumeno mwembamba, usafishe kwa msasa. Sasa chukua utepe wa fundi wa nguo, uzungushe kwenye ukingo ule wa upinde kuanzia mstari wa sifuri, na uhamishe alama: kila sentimita ni digrii, kila milimita 5 ni nusu digrii. Mwisho, hakikisha: kwenye kona ya 90 utepe lazima usome sentimita 90. Ukisoma 91 ao 89, angalia utepe wako, mara nyingi utepe wa zamani umenyooshwa. Ulinganishe na metri ya chuma.

Weka fosekere yako juu ya chombo hicho, kona yake kwenye nukta, mkono mmoja kwenye mstari wa sifuri, usome mkono wa pili. Kama mkono ni mfupi, uendeleze kwa rula. Ukisoma 93, nusu yake ni 46 na nusu.

NNE: MTEGO WA MASHINE

Siku hizi atelye nyingi zina msumeno wa umeme unaozunguka kwenye sahani yenye namba. Ni chombo kizuri umeme ukiwepo. Lakini una mtego. Wewe umehesabu pembe kutoka ukingo wa ubao. Mashine inahesabu kutoka mkato ulionyooka: kwake mkato ulionyooka ni sifuri. Basi 46 na nusu yako, kwenye mashine ni 90 kutoa 46 na nusu, yaani 43 na nusu. Vijana wengi wanaanguka hapa, kwa sababu kwenye 45 mtego haujionyeshi: 90 ukitoa 45 inabaki 45. Wanakata miezi mingi bila shida, halafu siku ya kwanza ya kona mbaya, wanaharibu ubao.

Kwa vitu vyenye pande nyingi zilizo sawa, gawa 180 kwa hesabu ya pande, utapata namba ya mashine. Pande 4 ni 45. Pande 6, kama meza ndogo ya maua, ni 30. Pande 8, kama mimbari, ni 22 na nusu.

Kuna wanaotumia simu kupimia pembe. Si dhambi. Lakini kava ya simu na ile sehemu ya kamera iliyotokeza nyuma vinainamisha simu. Vua kava, ulaze ubavu wake, upime kitu unachokijua kwanza. Simu nayo ni ekere, nayo ipimwe.

TANO: KATA KWENYE UBAO WA BURE KWANZA

Libuyu inatoka mbali, pori la Mambasa, inapita Komanda, inafika kwetu na gharama ya barabara na vizuizi vyote. Usifanye jaribio juu yake. Kata vipande viwili vifupi vya ubao wa kalitusi wenye upana uleule, uviweke katika kona ya nyumba yenyewe, uangalie.

Kama tundu liko upande wa ndani wa kona, ncha kali za mbao zako ni nyembamba mno: ongeza pembe. Kama tundu liko upande wa nje, ncha ni nene mno: punguza. Tundu likiwa sawa toka ndani mpaka nje, pembe ni nzuri, ubao wako ndio mfupi. Kosa dogo liondoe kwa randa yenye makali, mpigo mmoja mmoja, ukiwa umeubana ubao vizuri. Usiondoe kwa nyundo. Nyundo haijawahi kutengeneza pembe.

Na kwa fremu, mbao zinazotazamana ziwe na urefu mmoja kabisa. Zisimamishe mgongo kwa mgongo, upitishe kidole kwenye ncha. Halafu pima fremu toka kona hadi kona, mshazari wa kwanza na wa pili. Vipimo viwili vikilingana, kaza.

SITA: UBAO UNATEMBEA

Mtu atauliza, “Nilifanya yote, kona ilifunga, na katika msimu wa kiangazi ikafunguka. Kwa nini?” Kwa sababu ubao ukikauka unapungua upana, lakini urefu unabaki karibu vilevile. Upana ukipungua, ile pembe ya 45 inakuwa ndogo, na kona inafunguka upande wa ndani. Ukilowa unafanya kinyume, kona inafunguka upande wa nje. Basi kona yenyewe inakueleza: ikifunguka ndani baada ya miezi, ulifanya kazi na ubao mbichi.

Hapa Bunia hatuna tanuri za kukaushia kila pahali. Panga mbao kivulini, juu ya vijiti, hewa ipite kati yao, na uwe na subira. Kama mteja ana haraka, umwambie ukweli kabla ya kukata: “Mama, ubao huu haujakauka, kona inaweza kufunguka.” Akikubali, ni sawa. Akiambiwa baadaye, ni udanganyifu.

MWISHO WA JAMBO

Mtauliza nilifanya nini na kijana. Jioni ile niliwaita wote wa atelye. Nikaweka ekere juu ya ubao, nikachora, nikageuza, nikachora tena, wakaona mistari miwili ikiachana. Nikamwambia kijana, “Mutoto wangu, ulisema kweli, mimi sikusikia. Nisamehe.” Nikamrudishia pesa yake mbele ya walewale waliosikia nikimkemea. Ilikuwa nzito kuliko kubeba gogo. Kijana aliangalia chini, akasema, “Papa, iko bien. Sasa tutengeneze ya mama.”

Tukaenda pamoja. Fosekere ikatuambia kwamba kona ya kushoto ya mlango ule ilikuwa 92, na ya kulia 89. Tukakata kila moja kwa pembe yake. Ubao mpya niliulipa mimi, kwa sababu deni lilikuwa langu. Mama akapitisha kidole tena polepole juu ya kona zote mbili. Kidole hakikukwama. Akafungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Halafu akaufunga kutoka ndani, tukabaki nje tukicheka.

Wapenzi wasomaji, ekere ile mbovu sikuitupa. Niliikaza mpini, nikainyoosha, nikaijaribu. Iko ukutani na inafanya kazi. Chombo kilichokosa kinaweza kurekebishwa, na mtu vilevile, lakini lazima kwanza akubali kupimwa.

Kazi ya nyumbani kwa mwezi huu: papa, kabla ya kumkemea mtoto ao mfanyakazi wako kwa kazi iliyoharibika, geuza ekere yako kwanza. Mama, ukilipa mlango ao dirisha, pitisha kidole kwenye kona kabla ya kutoa franga za mwisho. Fundi wa kweli hatakasirika. Na wewe kijana unayefikiri kuacha shimo na kujifunza mbao, njoo. Bwana wetu mwenyewe aliitwa fundi na mwana wa fundi. Utahitaji msumeno, randa, penseli, na kipimo kisichodanganya.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kunoa randa. Amani iwe katika nyumba zenu.